Nyati Alilala Mlangoni Kwangu

Wakuu, mimi nimewahi kufungiwa ndani na nyati. Sitanii.

Tena si ndani ya nyumba. Ni kwenye kibanda cha magunia nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi rangi. Napaka mageti na vibao vya maduka, mtaani wananiita Brashi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mwindaji mwenye kibali. Alinipa kazi ya kupaka vifaa vyake vifanane na pori.

Kazi ikanikolea. Rangi nilichanganya na udongo isije ikang'aa juani. Bunduki nikaizungushia vipande vya gunia. Sanduku la risasi ukiliweka chini, unaona jiwe tu.

"Shem, unajitahidi," akaniambia, "ila macho yangu mimi hayadanganyiki."

Iliniuma. Nikasema huyu nitamwonyesha.

Nikajenga kibanda cha kuvizia ndani ya kichaka cha miiba, karibu na kidimbwi anachopita kila wiki. Fito, magunia, rangi, kisha nyasi za palepale nikazishonea moja moja. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu nilimuaga naenda kupaka geti.

Siku yake ya kupita ilipofika, nikaingia mapema kumsubiri. Simu niliiacha kwenye pikipiki, isije ikalia ikaniharibia.

Jua limeshachomoza, nikasikia bunduki kwa mbali. Paa!

Muda kidogo, vishindo. Matawi yanavunjika.

Nyati. Damu ubavuni. Akayumba, akaja moja kwa moja, akajibwaga mlangoni kwangu.

Mlango wenyewe ni mmoja. Nyuma mwamba, pembeni miiba.

Mgongo wake ulibana gunia hadi goti langu likahisi joto lake. Anahema kwa mikoromo. Na nyati aliyejeruhiwa mnamjua, huyo hana msamaha.

Saa tatu. Saa nne. Saa sita.

Mikoromo iliisha tangu saa tatu. Nikajua amepitiwa na usingizi. Kila sikio likicheza, moyo wangu unaruka. Kikohozi kikaja, nikauma shati. Haja ndogo... hiyo tuiache.

Saa saba, kupitia kijitundu, nikamwona shemeji. Anafuata damu, ananyata. Nusura nicheke kwa furaha.

Akasimama hatua kama thelathini hivi. Akainua bunduki.

Anamlenga nyati. Nyuma ya nyati nipo mimi.

Na kibanda hakioni! Anaona kichaka tu. Kazi yangu nzuri ndiyo inataka kuniua.

Nikinyamaza, risasi. Nikipiga kelele, pembe.

Nikamfikiria mke wangu akiletewa habari kutoka porini, wakati yeye anajua niko kwenye geti la mtu.

"Shem, usipige! Ni mimi! Niko nyuma yake!"

Akashusha bunduki. "Nani? Uko wapi?"

"Humu kichakani! Usipige!"

Nikafumba macho, nasubiri pembe.

Nyati hakutikisika.

Shemeji akaokota jiwe, akamrushia. Likampata puani. Wapi! Akasogea kwa tahadhari, akamgusa jicho kwa fimbo ndefu.

"Shem," akasema. "Huyu kafa zamani. Ameshakakamaa."

Kumbe masikio yalikuwa yanachezeshwa na upepo na nzi! Saa zote hizo nimekaa mfungwa wa mzoga.

Akakata magunia kwa panga, akanivuta nje. Miguu haifanyi kazi. Nilidhani atanicheka mpaka kesho.

Hakucheka. Aliketi chini, bunduki akaisukuma mbali, akaanza kulia. Mtu mzima, mwindaji wa miaka ishirini.

"Nilitaka nimwongeze moja ya kuhakikisha," akasema. "Kidole kilishaanza kuvuta, Shem. Ningemwambia nini dada yangu?"

Nikamshika bega, tukakaa hivyo hivyo.

Ndugu zangu, jifiche unavyotaka kujificha. Lakini hakikisha yupo hata mtu mmoja anayejua ulipo.