Upande Usiotiwa Samadi

Mimi ni Mnyiramba niliyeolewa Unyaturu, kwa hiyo tangu siku yangu ya kwanza Mungaa nimekuwa mtu wa kutaniwa. Ugali ukiwa mgumu, ni Unyiramba. Nikichelewa kisimani, ni Unyiramba. Nimezoea, na ulimi wangu nao haukuumbwa kulala, hivyo nawajibu mpaka wanakoma. Mtu mmoja tu ndiye sikuwa na ruhusa ya kumjibu, naye ni baba mkwe wangu. Mkwe hajibiwi. Unamwamkia umepiga goti, unampa maji kwa mikono miwili, na akisema mvua itanyesha kesho unasema ndiyo baba, hata kama ni mwezi wa saba.

Mzee huyo alikuwa na shamba zuri upande wa bondeni, mbali kidogo na nyumbani, kando ya njia ya watu waendao mnadani. Miaka yote lilikuwa la alizeti. Mimi nililitamani lile shamba, tena waziwazi. Nilikuwa nimechoka kununua unga. Kila mwaka kabla hata palizi haijaisha gunia letu lilikuwa limelala chini, na mimi nazunguka kutafuta mahindi kama mtu asiye na mikono. Nilitaka mahindi yangu, niliyoyapanda mimi kwenye shamba ninaloliamulia mimi. Tangu niolewe nilikuwa nimelima mashamba ya wengine tu, na kuambiwa lini nipande na nini nipande. Mume wangu ni fundi ujenzi, siku nyingi yuko Unyambwa akijenga nyumba za watu, na nilipomwomba aniombee kwa baba yake alicheka. "Nenda mwenyewe," akasema. "Mimi nikienda atajua nimetumwa." Na kweli ningekuwa nimemtuma.

Nikaenda. Baba mkwe alikuwa anakaza waya kwenye mkokoteni wake wa punda, na hakuinua uso.

"Mahindi kule hayaendi," akasema. "Udongo umechoka. Unataka samadi, na samadi iko hapa zizini. Nani ataibeba mpaka kule?"

"Mkokoteni upo, baba."

"Upo. Na punda ni wa kwako?"

Punda alikuwa wake. Huku kwetu samadi huishia mashamba ya jirani na nyumba, na ya mbali hujitegemea kama watoto wakubwa. Hakuna aliyeona ajabu, na baba mkwe hakuwa mtu wa kumchosha punda wake kwa ajili ya ndoto za mkamwana.

Bahati yangu, msimu uleule alikuja kijijini dada mmoja mtafiti wa kilimo. Aliitisha mkutano akasema anatafuta mkulima wa kumpa kipande cha shamba cha kufanyia majaribio ya mahindi. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi. Njiani tukirudi nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba shamba nililolitoa si langu.

Yule dada aliyamaliza mambo vizuri kuliko ambavyo ningeyamaliza mimi. Alimwamkia baba mkwe kwa adabu, akakaa kwenye kigoda, akaeleza. Shamba litagawanywa vipande viwili. Mbegu itakuwa moja, ile ya muda mfupi inayowahi kukomaa kabla mvua zetu hazijakatika. Siku ya kupanda itakuwa moja, nafasi moja, palizi moja. Upande mmoja kila shimo litapata kiganja cha samadi iliyooza vizuri, na upande wa pili hautapata kitu. Basi mwisho wa msimu tofauti yoyote itakayoonekana, ni samadi imesema.

"Kama kulisha ng'ombe wawili malisho mamoja, mmoja ukampa na pumba," baba mkwe akasema. Lilimpendeza jambo lile, niliona. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya mgeni. "Haya. Samadi ya jaribio hili nitaibeba, basi. Ukinionyesha kwamba kiganja cha samadi kinalipa kazi ya kukibeba, shamba ni lako. Kisipolipa, mwakani narudisha alizeti, na habari hii isisemwe tena hapa nyumbani."

Nikasema ndiyo baba.

Siku ya kupanda ilikuwa sherehe. Mvua ya kwanza ya maana ilikuwa imenyesha usiku, udongo umelainika, na wanawake wa kikundi chetu walikuja na majembe na vicheko vyao. Mtafiti alipiga kura kwa vijiti kuamua upande upi upate samadi, maana alisema mtu akichagua mwenyewe hujipendelea. Kura ikaangukia upande wa ndani. Upande wa njiani ukabaki mtupu. Tulivuta kamba yenye mafundo, sentimita sabini na tano toka mstari hadi mstari, sitini toka shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo. Sisi tuliozoea kutembea tukitupa mbegu na kufukia kwa unyayo tuliona kazi. Jirani yangu mmoja alisema kamba ile ni ya kufungia Wanyiramba wasitoroke. Nikamwambia Mnyaturu ndiye anahitaji kamba, bila hiyo mstari wake huenda kusalimia majirani. Tulicheka mpaka mtafiti akasahau amefika shimo la ngapi.

Mahindi yaliota vizuri pande zote mbili. Lakini yalipofika urefu wa goti la mtoto, upande wa njiani ulianza kuwa wa njano, na wa ndani ukaendelea kijani. Nilifurahi vibaya. Mtu anafurahi kuona mahindi yake mwenyewe yanaugua! Nilikuwa nakwenda asubuhi kuangalia ile njano kama mtu anayekwenda kumwona mchumba.

Ndipo mdogo wangu akajifungua Kiomboi, nami nikaenda kumwuguza. Nilikaa huko mpaka mtoto akapata jina na mama yake akaweza kuchota maji mwenyewe. Niliporudi Mungaa nilipitia shambani kabla ya kufika nyumbani, na mzigo bado uko kichwani. Nilisimama njiani nikaona kitu ambacho sikukielewa. Ule upande wa njano ulikuwa umekuwa kijani kilichokolea, kijani cha majani ya kisamvu, na umeupita ule wa ndani kwa kimo.

Wiki zilizofuata nilifanya kazi kwa bidii lakini furaha ilikuwa imenikimbia. Viwavijeshi walipoingia, kila asubuhi tulipita mhindi kwa mhindi tukitia majivu na mchanga laini katikati ya majani machanga, na hata huko upande wa njiani ulinizomea kwa unene wake. Ni mistari mitatu tu ya mwisho wake, chini ya mgunga, iliyokuwa myembamba, na hiyo nilisema ni kivuli. Mtafiti alikuja na rula yake ndefu, akapima, akapima tena.

"Labda udongo wa upande huu ulikuwa na nguvu zake tangu zamani," akasema.

"Udongo uliolimwa alizeti miaka yote, dada?"

Akapima mara ya tatu. Baba mkwe alikuwa amesimama pembeni akitazama mbali.

Palizi ya pili ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nang'oa magugu kwa mkono upande wa njiani, nikafukua kidogo kwenye shina la mhindi, na vidole vikatoka na udongo mweusi, mwepesi, wenye chembechembe. Si udongo wa pale. Nikafukua shina la pili, lilelile. La tatu likanipa kipande cha kibuyu cha kukamulia maziwa. Kitu cheusi namna ile kiko mahali pamoja tu nijuapo, zizi la zamani nyuma ya nyumba ya baba mkwe, lililohamwa kabla mimi sijaolewa, ambapo samadi imelala ikaoza mpaka imekuwa kama unga. Na pale hapachimbwi na mtu ila yeye.

Nilikasirika nikahisi masikio yanawaka. Kikulacho ki nguoni mwako! Mzee ameona anashindwa, kaenda kuulisha upande wa njiani gizani ili kiganja cha samadi kionekane hakina kazi, na shamba lirudi alizeti. Nikampigia mume wangu simu hapohapo shambani. Kwanza alicheka. Aliposikia nalia akaacha.

"Usimwambie mtafiti," akasema. "Utamvua nguo mzee mbele za watu."

"Na shamba langu?"

"Ni baba," akasema, kana kwamba hilo ni jibu.

Kwa bahati mbaya lilikuwa jibu. Mkamwana hawezi kusimama kijijini akasema baba mkwe wake amedanganya. Ningepata shamba nikakosa nyumba. Nikameza maneno yangu, nikaendelea kumwamkia kila asubuhi na kumpa maji kwa mikono miwili, ila uso sikumtazama. Mlenda wake nilikuwa naupika bila karanga. Hiyo ndiyo silaha niliyokuwa nayo.

Mahindi yalipokauka mtafiti akaitisha siku ya wakulima palepale shambani. Watu walijaa, wakatoka hata vijiji vya jirani, na wapita njia wa mnadani wakasimamisha baiskeli zao. Tulipika makande sufuria mbili kubwa. Baba mkwe aliletewa kiti akakaa mbele, na fimbo yake magotini. Tukavuna mistari michache kutoka kila upande, tukarundika mahindi mbele ya watu. Lundo la upande wa njiani lilikuwa kubwa zaidi, na hakuna aliyehitaji mizani.

Mtafiti alikuwa mkweli, na nilimpenda kwa hilo ingawa alikuwa ananiua. Alisema, "Ndugu zangu, jaribio likisema usilotarajia, lazima uliandike hivyohivyo. Kwa tunachokiona hapa, samadi haikusaidia kitu katika shamba hili."

Nilitazama chini. Niliona alizeti tayari zimesimama pale nilipo.

"Mwanangu, usiandike hivyo."

Ilikuwa sauti ya baba mkwe. Alikuwa amesimama, anaegemea fimbo. "Hapa hakuna upande usiotiwa samadi. Wa ndani mlitia nyinyi. Huu wa njiani nilitia mimi."

Watu wote wakageuka kumtazama.

"Kwa nini, mzee?" mtafiti akauliza. Masikini, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemwagikiwa na maziwa.

"Njia hii wanapita watu wote," akasema. "Mahindi yalikuwa ya njano, yanatia huruma. Mkwe wangu alikuwa Kiomboi. Akapita mtu hapa, anaelekea mnadani, akaniamkia, akatazama shamba, akasema, 'Mzee, mkamwana wako Mnyiramba amekushinda? Hajui kulima?' Nilijaribu kumweleza habari ya majaribio, akacheka akaenda zake. Kesho yake akapita mwingine, yaleyale. Sasa, mimi naweza kumsema mkwe wangu. Ni wangu. Lakini mtu wa njiani? Nikafunga punda nikaenda zizi la zamani."

Kicheko kilianza nyuma, kwa wanawake wa kikundi, kikaja mbele kama mvua inavyokuja. Mtafiti alijizuia, akashindwa. Mimi nilisimama pale nikiwa na hasira ya miezi miwili mkononi na sina pa kuiweka. Nilikuwa nimemnyima mzee karanga kwa sababu alinitetea.

"Lakini mzee," mtafiti akasema akifuta macho, "umeniharibia jaribio. Sasa sina pa kulinganishia."

"Unapo," akasema. Akanyoosha fimbo kuelekea kwenye mgunga. "Ile mistari mitatu. Samadi iliniishia pale, na punda akagoma kurudi tena. Pale hapakutiwa kitu na mtu yeyote."

Watu wote wakahamia kule kwa pamoja, wakikanyagana. Nilivunja hindi la kwanza mwenyewe, nikalimenya. Lilikuwa refu kama kidole changu cha kati, na punje zake zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Ili kujua kama ni kivuli, mtafiti akakagua mistari ya upande wa ndani iliyo chini ya mgunga uleule, yenye kiganja chake cha samadi, na mahindi ya huko yalijaa mkono. Akayaweka mahindi matatu viganjani, lile la samadi ya zizi la zamani, lile la samadi yetu, na lile lisilo na kitu, akayainua juu. Hata watoto walielewa.

"Basi samadi inalipa," mzee mmoja akasema.

"Inalipa," baba mkwe akajibu. "Na ile ya zamani inalipa zaidi. Mgongo wangu unajua."

Kisha akawageukia wale wapita njia walioshika baiskeli, na akapaza sauti ili hata walioko nyuma wasikie. "Nawaambia mbele ya kijiji. Kuanzia leo, mkipita hapa mkaona mahindi mabaya, msiniulize mimi. Msemeni yeye. Shamba ni lake."

Wanawake walipiga vigelegele. Nilipiga goti palepale kwenye mabua kumshukuru, nami nikawa nalia na kucheka mbele ya kijiji kizima. "Inuka," akaniambia, "watu wana njaa." Nikainuka nikaenda kuwapakulia wageni makande, shambani kwangu.