Vitanda Sita vya Imalanzala

Siku hiyo Koleta aliamka akicheka. Jogoo wa jirani alikuwa bado anajisafisha koo, na mumewe, fundi Masolwa, alimgusa bega akauliza kama anaumwa.

"Naumwa parokia," Koleta akasema, akaruka kutoka kitandani.

Ugonjwa huo ulikuwa wa miaka mingi. Koleta alikuwa katekista wa kigango cha Imalanzala, kijiji cha mashamba ya tumbaku na mizinga ya nyuki, mbele ya Ulyankulu. Kila Jumapili yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu, akaongoza sala na kuwaeleza Injili, kwa sababu padri alifika mara chache sana, na hapo mto uwe umeruhusu. Masika moja mto haukuruhusu. Mama yake, Bi Siwema, alikata roho huku akiuliza kama padri amekwisha kuvuka. Koleta alimshika mkono, akamsomea kila zaburi aliyoikariri. Lakini mafuta matakatifu hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, si yeye wa kuyapaka. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: padri anayelala Imalanzala.

Na padri halali mahali hivihivi. Jambo hilo Koleta alimweleza Masolwa zaidi ya mara moja, akichora uani kwa kijiti. Masolwa hakuwa Mkatoliki; alikuwa Mmoraviani, tena wa kwaya, na ndoa yao ilikuwa imefungwa kwa ruhusa maalumu.

"Hizi ni nyumba," Koleta alisema, akitoboa mashimo kwenye vumbi. "Majirani wanasali pamoja kila wiki, hiyo ndiyo jumuiya. Jumuiya zikikusanyika ni kigango, ndio sisi. Vigango vinafanya parokia, ndipo anapokaa paroko. Parokia kadhaa ni dekania, chini ya dekano. Na dekania zote ni jimbo, chini ya askofu mkuu, pale Tabora mjini."

"Kumbe ni kama serikali. Mtaa, kata, wilaya, mkoa."

"Serikali haina malaika, Baba Sayi."

"Na ninyi malaika wenu wamekwama mtoni."

Sasa habari ilikuwa imetoka mjini. Parokia yao ilikuwa kubwa mno, itagawanywa, na kigango kimoja kitateuliwa kuwa makao ya parokia mpya. Vilibaki viwili: Imalanzala na Usindi. Dekano angepita kuvitazama vyote, hasa nyumba ya padri, kisha angempelekea askofu mkuu taarifa yake. Usindi walikuwa na nyumba yenye vigae na seti ya makochi. Imalanzala walikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma waliyoijenga kwa mikono yao, nzuri, nyeupe, na tupu kama debe.

Ndipo Koleta, katika kikao cha kigango, alipofanya kosa lake. Angeweza kusema: ninyi leteni meza, ninyi sufuria, ninyi viti. Lakini furaha ilikuwa imempanda kichwani. Alisimama, akainua mikono, akasema, "Kila jumuiya ilete kitu kimoja cha heshima!" Watu wakapiga makofi, wakaimba, wakaenda nyumbani.

Asubuhi ya ziara, ileile Koleta aliyoamka akicheka, jumuiya zilianza kuingia. Watu wa jumuiya ya Mtakatifu Rita walitangulia, wakija kwa njia ile ya zamani ya wapagazi inayopita nyuma ya kanisa. Mababu zao waliifuata hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, wakiimba ili mzigo usiwe mzito. Wajukuu nao walikuja wakiimba, na juu ya vichwa vyao, kikiyumba kama jahazi la nchi kavu, kilikuja kitanda cha mninga na godoro lake. Koleta alipiga vigelegele hadi sauti ikakatika.

Kisha wakaja Mtakatifu Yosefu. Na kitanda.

Kutoka upande wa kisima wakatokea Mashahidi wa Uganda. Koleta aliona miguu minne imeelekea juu, akajipa moyo kuwa ni meza. Haikuwa meza. Bakhita walileta kitanda chenye maua yaliyochongwa kichwani. Mtakatifu Ana walileta kitanda. Mtakatifu Monika, ambao huchelewa hata misa ya Krismasi, walifika mbio, jasho likiwatiririka, na kitanda.

Koleta aligeuka polepole kumtazama mumewe. Kijiji kizima kilikuwa na seremala mmoja.

"Baba Sayi."

"Nimeapishwa," Masolwa akasema upesi. "Kila mwenyekiti alinivuta pembeni. Akaniambia, Masolwa, hii ni siri ya jumuiya yetu, wengine wasijue, tunataka padri alale kwetu. Ningesemaje?"

"Ungesema, vitanda vimetosha!"

"Mimi Mmoraviani, mke wangu. Nilidhani mnaletewa mapadri sita."

Koleta alitaka kulia, lakini kicheko kilikuwa karibu zaidi, kikawahi. Alicheka ameshika nguzo ya baraza, kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kikilegea kiunoni, na bado alikuwa hivyo gari la dekano lilipoingia.

Dekano alikuwa Padri Leodgar, Msukuma mnene wa Choma. Alikuja na Sista Flavia, dereva wake Raymundi, na wazee wawili wa halmashauri ya walei.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

Waliingia ndani. Padri Leodgar alitazama chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu: kila kimoja vitanda viwili, vimebanana hata mlango haufunguki vizuri.

"Mwalimu Koleta," akasema, "hii ni nyumba ya padri au ni wodi?"

"Karibu ukae, Baba."

"Nikae wapi?"

Akakaa kitandani. Wote wakakaa vitandani. Chai na michembe ya viazi vitamu vililetwa, wageni wakala sahani zikiwa magotini, na dekano akawatania kwamba wao Wanyamwezi wamezoea kulala njiani hata wakasahau kuwa watu huamka na kula. Watu wa Imalanzala wakamjibu kwamba Msukuma akipewa kitanda hukifungia ng'ombe. Utani ulinoga. Lakini Koleta, akimimina chai, alimsikia mgeni mmoja akinong'ona, "Usindi kuna makochi," na hakucheka tena.

Ndipo mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa hasira, kutwa, na kabla ya jioni Raymundi alirudi kutoka mtoni suruali imelowa hadi mapajani. "Hapapitiki, Padri."

Kisha Sista Flavia akapapasa godoro la Bakhita. "Mimi nachukua chenye maua."

Kulipokucha hapakuwa na mgeni aliyelalamikia mgongo. Ila kulikuwa na ugomvi barazani: wageni walikuwa watano, na kitanda cha Mtakatifu Monika hakikulaliwa. Akina mama wa jumuiya hiyo walinuna. Koleta alipomweleza hayo kwa aibu, dekano aliweka chini kikombe, akaenda, akavua viatu, akajilaza, akakoroma kwa makusudi mpaka walipoangua vigelegele.

Kisha akaadhimisha misa, misa ya siku ya kazi, jambo ambalo Imalanzala haijapata kuliona. Watu walitoka mashambani na majembe yao. Mzee Mahona, aliyekuwa hawezi kwa muda mrefu, alibebwa kwa machela. Koleta alielekea mbele kwa mazoea, akakumbuka, akarudi kukaa kwenye benchi la nyuma. Aliona kidole gumba cha padri kikitia mafuta kwenye paji la uso la mzee. Hapo alilia, taratibu, kwa ajili ya mtu mwingine, aliyeyakosa mafuta hayo.

Maji yalipopungua, dekano alimwita kando ya gari.

"Nani aliwaamuru mlete vitanda?"

"Hakuna, Baba. Kila jumuiya ilijiamulia."

"Usindi nyumba imekamilishwa na tajiri mmoja. Ni nzuri." Akapanda garini. "Ya hapa nitayaandika kama nilivyoyaona."

Taarifa ilikwenda ngazi kwa ngazi, kama kwenye mchoro wa vumbi, na jibu lilirudi kwa ngazi zilezile: Imalanzala, parokia teule. Walicheza siku ile hadi kengele ikapata ufa.

Paroko mpya, Padri Octavian, kijana mrefu mwembamba, alifika na sanduku moja. Alipita vyumbani, akatabasamu, akajaribu godoro hili na lile. Kisha akasimama sebuleni na Biblia yake mkononi, akitafuta pa kuiweka.

"Mwalimu, meza ipo?"

Koleta alishika mdomo. Katika shangwe zote zile hakuna aliyeikumbuka! Alitoka barazani awaite wenyeviti, awagawie kazi vizuri safari hii, mmoja mmoja. Lakini walikwisha kutawanyika. Nyuma ya kanisa alimwona mumewe ameinamisha kichwa, na mwenyekiti wa Mtakatifu Rita anamnong'oneza sikioni. Nyuma yao, kila mmoja akijifanya anatazama mawingu, wengine watano walikuwa wanangoja zamu.

Koleta aliwatazama kitambo. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango nyuma yake.

"Inakuja, Baba," akasema, akiuma midomo asicheke. "Meza inakuja."