Mguu Kwenye Kopo Kwanza

Wenzangu tuliokulia nyuma ya ghala la mkonge pale Kilosa, lile kopo mnalikumbuka. Lilikuwa kopo la rangi, limebonyea, tunalisimamisha katikati ya uwanja jua likianza kupoa. Mmoja anafumba macho na kuhesabu, sisi tunatawanyika kwenye nyasi na nyuma ya mataruma mabovu ya reli. Ukionwa unatajwa jina, unakuja kukaa chini kando ya kopo, umeshakuwa mateka. Mnakaa hapo mmelowa jasho, mnamung'unya mbegu za ubuyu, mnamwomba Mungu kwamba mwenzenu aliyebaki mafichoni atoke. Akitoka mbio akalipiga kopo teke kabla hajaonwa, anapaza sauti, "Kombolela!" Wote mko huru.

Aliyebaki mwisho mara nyingi alikuwa Tuma, binti wa jirani yetu, mwembamba, miguu mirefu. Angeweza kujibanza mpaka giza liingie, aende zake nyumbani akale. Hakufanya hivyo hata siku moja. Alitoka, na akikamatwa alikuja kukaa nasi magoti yakimtoka damu, anacheka.

Sheria ilikuwa moja: mguu kwenye kopo kwanza, neno baadaye. Hamisi ndiye iliyemshinda. Angali mbali kule mwembeni, anapiga kelele, "Kombolela! Nimewakomboa!" Bibi yangu alikuwa akipepeta mpunga pembeni. Akamwambia, "We Hamisi, mdomo wako umeshafika, wewe mwenyewe uko wapi?" Tulimrudisha akae chini na mateka wenzake. Ndivyo nilivyojifunza maana ya kukomboa na kuokoa, kabla ya mwalimu kuandika chochote ubaoni.

Siku hizi neno hilo la kuokoa linatupwa ovyo kama ganda la ndizi. Mtu akikopeshwa vocha, ameokolewa. Lori la machungwa likipinduka barabara ya Mikumi, vijana wanapigiana simu twendeni tukaokoe, na kila mmoja anaokoa na ndoo yake. Nilikuwa nanyamaza. Mimi si msemaji, hata shikamoo yangu wazee huniambia nirudie. Lakini masika haya nimeshindwa.

Tulikuwa tunatoka shamba, upande wa Masanze, mimi na Tuma, mwanawe mgongoni. Kwetu mvua haikunyesha, ilinyesha milimani. Kijito tunachovuka kila siku kilikuwa magotini, Tuma akatangulia. Alipokaribia ng'ambo, maji yakashuka kwa kishindo, mekundu, na magogo ndani yake. Yakamwangusha. Akadaka mzizi wa mkuyu, mtoto akilia mgongoni, na kati yangu na yeye hapakupitika tena.

Ukingoni, juu ya mzizi ule, walisimama Hamisi na wenzake watatu. Ni bodaboda wa Mikumi sasa, walikuwa wanasubiri maji yapungue. Wakatoa simu.

"Hamisi, mpe mkono!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma.

"Tulia, kaka, niko laivu," akanijibu. Kisha kwa Tuma, "Dada, shika hapo hapo, usiachie."

Aliyekuja ni kijana mfugaji, alikuwa anapitisha ng'ombe. Hakuuliza kitu. Alilala kifudifudi kwenye tope, akashusha fimbo yake ndefu, Tuma akaishika, akamvuta mpaka kwenye ukingo. Akamfungua mtoto kwanza, kisha akampandisha mama. Alipoinuka, ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi ya mtu, akawakimbilia. Mwenye shamba alimtukana mpaka tukaona aibu sisi. Hamisi naye akaigeuza simu imwangalie uso, akasema, "Ndugu zangu, tumemuokoa dada yetu."

Jioni mtaa mzima ulikuwa unampongeza. Tuma alikaa jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya moto, mtoto amelala pajani. Jirani akamletea ile video. Aliitazama mpaka mwisho.

"Yule kijana mbona hayumo?" akauliza.

"Yumo," jirani akasema. "Si unaiona fimbo?"

Tuma akarudisha simu. Mimi ndiye niliyekasirika, na hasira haijatoka, ndiyo maana naandika, ingawa mkono wangu ni mzito.

Enzi zetu hatukuwa na simu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya Sikukuu. Lakini neno lile lilikuwa na bei, nayo ilikuwa kuacha maficho yako. Hamisi, wewe ulisimama pakavu. Mguu wako haujagusa kopo. Zamani tungekurudisha kwenye vumbi, ukae chini na kusubiri Tuma aje kukukomboa.

Na angekuja.