Mkwe Wangu na Sauti ya Mama

Mkwe wangu ni fundi wa kompyuta, ana kibanda Nyamagana. Kwa mila zetu Wasukuma, mimi na yeye hatukutani uso kwa uso. Akija kwangu Mkolani anakaa sebuleni, mimi naingia chumbani, pazia katikati, na binti yangu, mkewe, ndiye anabeba maneno. Niliishi hivyo bila kulalamika mpaka siku kishikwambi changu kilipogoma kuwaka.

Humo ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama yangu, akisimulia maisha yake kuanzia alikozaliwa. Nilimrekodi mwenyewe huku anachambua dagaa. Nakala nyingine hakuna.

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, biashara nimeijenga kwa mikono hii, na masikio yangu ni mazima. Nilimsikia mkwe akimweleza binti kwamba kishikwambi kinatumia mfumo uitwao Linux, na Linux haijui kilichomo ndani mpaka iandikiwe faili la kuielekeza: chipu ya kumbukumbu iko wapi, ina ukubwa gani, imegawanywa vipi, sehemu ipi isomwe tu na ipi iandikwe. Faili limeharibika, anaandika jipya. Nikaelewa. Ni kama kumwelekeza mgeni stoo. Ukimwelekeza vibaya, atamwaga mahindi juu ya unga.

Akauliza kama chipu iliwahi kubadilishwa. Binti akajibu haraka, haijawahi.

Haijawahi! Ilibadilishwa yeye akiwa chuoni. Fundi wa sokoni aliweka ndogo zaidi, akaigawa anavyojua yeye. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Binti akaniuliza kama nataka maji. Nikamwita aje chumbani, akasema ngoja kidogo mama, tunamalizia. Mkwe akasema basi anaandika kama kilivyotoka kiwandani, na nikasikia kinawaka.

Nikatoka.

Mkwe aliruka, akaupa ukuta uso. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Zima hicho kitu. Chipu ilibadilishwa."

Binti akanishika mkono. "Mama, rudi ndani, unatuaibisha."

"Aibu yako wewe, unajibia usichokijua. Na wewe baba, kitu ni changu, kwa nini hukuniuliza mimi?"

Akauambia ukuta, "Ningekuulizaje, mama?"

Swali hilo likanikera zaidi.

Alizima, akaandika ukubwa wa kweli na migawanyo ya kweli, akafanya sehemu ya sauti isomwe tu. Jioni mama yangu akasema ndani ya kishikwambi. Lakini kule kuwaka mara moja kulitosha: mfumo ulikuwa umeshaandika mambo yake juu ya mwanzo wa simulizi. Alikozaliwa kumefutika. Aliyemlea kafutika. Mama anaanzia katikati, tayari ameolewa, tayari yuko Misungwi. Binti anasema tushukuru kilichobaki. Nilimwambia anyamaze.

Wiki ile ile mkwe akatuma kuku, anaomba radhi kwa kuniona uso. Kwa kuniona uso! Nikamrudishia kuku wake. Kosa aliloliombea radhi silo.