Fundi Aliyetufundisha Kuisubiri Sauti

Fundi cherehani wa Mafiga amefariki. Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba katika safu hii sitaji majina ya watu, na yeye mwenyewe asingependa, maana hata kibao cha kibanda chake kiliandikwa "Fundi" tu, basi. Alifariki Jumanne alfajiri nyumbani kwa dada yake, huko juu Uluguru, kwa maradhi ya moyo yaliyoanza kumsumbua tangu mvua za vuli. Nilikuwa mmoja wa watu wachache waliopigiwa simu asubuhi ile. Simu ilinikuta nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikabaki hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Hakuwa ndugu yangu, wala siwezi kusema alikuwa rafiki wa kuambiana siri. Alikuwa mtu niliyekutana naye Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miaka minne, tukizungumza jambo moja tu, nalo ni katuni za Kijapani.

Najua baadhi yenu mmetabasamu. Vijana wanaziita anime, na wanaozipenda wanazipenda kama wengine wanavyopenda mpira: kila wiki sehemu mpya inatoka, na kila wiki kuna ubishi wake. Ubishi mkubwa kuliko wote ni wa sauti. Sehemu mpya hutoka kwa Kijapani, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Wiki mbili baadaye, pengine zaidi, hutoka tena ikiwa imeingizwa sauti za waigizaji wanaosema Kiingereza. Wengi wetu ni watu wa maandishi. Tunasema sauti ya Kiingereza imebandikwa kama kiraka, na kwamba kilio cha Kijapani hakina mfano. Fundi alikuwa mtu wa sauti, peke yake kati yetu, na sababu yake haikuwa na falsafa yoyote. Yeye aliangalia akiwa kazini. Simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, mguu uko kwenye cherehani, macho yako kwenye sindano. "Nikianza kusoma," alikuwa akisema, "nitaushona mkono wangu kwenye sare ya mtoto wa watu."

Jirani yake alikuwa binti wa duka la vitambaa, wa ukoo wa Kihindi uliouza vitambaa mjini Morogoro tangu enzi za babu yake. Huyo ndiye aliyetupakulia sehemu zote, na ndiye adui mkuu wa sauti za Kiingereza. Alimwambia Fundi waziwazi kwamba wale waigizaji wanasoma kama watangazaji wa bei za mazao. Fundi alimjibu kwamba yeye binti anasikiliza kwa macho. Tulikuwepo pia wanafunzi wawili wa chuo, mimi, na kwa njia ya simu, mtoto pekee wa Fundi, kijana anayefanya kazi ya reli kule Kisaki, ambako mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Alikuwa ndani ya kundi letu la simu, akiandika mistari miwili, kisha akipotea siku tatu.

Kundi lile lilikuwa na sheria moja, na aliyeiweka alikuwa Fundi. Watu wa maandishi tungeweza kuiona sehemu mpya siku ileile inapotoka, lakini kibandani na kwenye kundi hakuna aliyeruhusiwa kuitaja mpaka itoke kwa sauti na Fundi aisikie. Kwa hiyo kila Jumamosi tulijadili kwa moto mkubwa mambo ya wiki mbili zilizopita, huku ya jana yakitukaba koo. Anayefichua tulisema amemwaga mtama, na adhabu yake ilikuwa kushona vifungo kwenye mashati ya shule. Mwanafunzi mmoja alishona vifungo kumi na viwili kwa sababu tu ya kuguna vibaya jina la mhusika mmoja lilipotajwa. Fundi alisema kuguna ni nusu ya kusema.

Kiingereza chake chote alikipata katika hizo sauti. Aliishia darasa la saba, na alikuwa akisema shule ilimpa Kiingereza cha ubaoni, kisichotoka mdomoni. Katuni zilimpa cha mdomoni. Siku moja aliingia mgeni, mtafiti wa kizungu aliyekuwa akienda milimani kuhesabu vyura, akitaka suruali yake ipunguzwe kiuno. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Fundi akaweka futi kamba shingoni, akasimama wima, akamwambia kwa Kiingereza safi chenye mtetemo wa shujaa aliye ukingoni mwa mauti, kwamba anaapa kwa heshima yake suruali ile haitaanguka maadamu yeye yu hai. Yule mgeni akainama kwa adabu kubwa. Binti wa vitambaa alilazimika kukimbilia dukani kwao akacheke huko. Jumatatu yake mgeni alirudi na suruali nyingine tatu.

Sasa niwaambie kosa langu, maana bila hilo kosa nisingekuwa na la kuandika leo. Mwaka mmoja tulikuwa tunafuatilia hadithi ya msichana aliyebeba kengele ya kijiji chake kilichoungua, akitafuta mlima wa kuitundika, akisindikizwa na mlinzi mzee. Mlinzi alikufa darajani. Niliiona sehemu hiyo kwa maandishi, nikalia, na kesho yake nikaketi kuandika safu hii. Nilikuwa naandika juu ya uaminifu, nikataka mfano, na mfano ulionijia ulikuwa mzee yule darajani. Niliandika aya nzima juu ya kifo chake. Sikukumbuka kabisa kwamba kuna fundi mmoja Mafiga anayenunua gazeti kwa ajili yangu.

Jumamosi nilimkuta ameliweka gazeti juu ya cherehani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Binti wa vitambaa alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo na kanga.

"Mwandishi," Fundi akasema, "wenzako humwaga mtama kibandani. Wewe umeumwaga Tanzania nzima."

Nilianza kujitetea kwamba ilikuwa sanaa. Akanisukumia rundo la mashati ambalo sikuuona mwisho wake, maana msimu wa shule kufunguliwa ulikuwa karibu, na kopo la vifungo juu yake. Nilishona Jumamosi ile na iliyofuata. Vidole vilinivimba. Hakunigombeza tena, ila aliniuliza maswali. Mzee alikufa akiwa amesimama au amekaa? Nilijua: amesimama. Alimwambia nini yule msichana? Nikamwambia. Alimwambiaje? Hapo nikakwama. Nilikuwa nimeyasoma maneno, nikalia kwa maneno, lakini sikukumbuka kama mzee alinong'ona au alisema kwa nguvu, kama alisita au aliyasema kwa pumzi moja. Mimi, mtu ninayejiita mwandishi wa riwaya, nilikuwa nimempokea mtu akifa kama mtu anayepokea taarifa.

Sauti za Kiingereza zilipotoka, Fundi alisimamisha cherehani. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo. Aliweka mikono mapajani, akaitazama simu mpaka mwisho, na machozi yakamtoka bila haya. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba lakini alikwisha kujua, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia.

"Kujua nilijua," akasema. "Nilikuwa sijasikia."

Nimeirudia sentensi hiyo katika meza yangu ya kazi mara nyingi kuliko sentensi yoyote ya kitabuni. Riwaya niliyokuwa ninaiandika wakati ule niliifungua usiku huo nikaona wahusika wangu wote wanatoa taarifa. Niliianza upya. Yeyote miongoni mwenu aliyewahi kuniandikia kwamba watu wangu sasa wanaongea kama watu, ajue shukrani hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na sindano mdomoni.

Lakini nadhani jambo lenyewe ni kubwa kuliko kazi yangu. Tunaishi na simu zinazompa kila mtu nafasi ya kuwa wa kwanza. Gari likipinduka mlimani, picha huwafikia watu kabla majeruhi hawajatolewa. Kuna mama hapa mjini aliyejua kwamba mwanawe hayupo tena kwa kuona watu wakimwandikia pole. Hakuna aliyemkusudia mabaya. Kila mmoja alikuwa na habari, na habari inawasha mdomoni kama pilipili. Kibanda kile kilikuwa mahali pekee ninapopajua ambapo watu walijizoeza, wiki hadi wiki, kujua na kunyamaza kwa ajili ya mwenzao mmoja aliye nyuma.

Fundi alipozidiwa, akapelekwa kwa dada yake, hadithi ya kengele ilikuwa imerudi kwa msimu wa mwisho. Sehemu ya kufunga tulikwisha kuiona kwa maandishi. Ya sauti ilikuwa bado wiki mbili, na daktari alikuwa amewaambia ndugu wasimsafirishe tena. Tukagombana. Binti wa vitambaa alisema sheria ni ya watu wazima wa afya, na kwamba ni ukatili mtu aondoke bila kujua kama yule msichana alifika. Mwanafunzi mmoja akasema ukatili ni kumpa mtu kitu asichokiomba. Mwishowe nilitumwa mimi, kwa kuwa nilikwisha kumwaga mtama mara moja na sikuwa na jina la kulinda.

Nilipanda asubuhi, migomba ikiwa bado inadondosha umande. Nilimkuta barazani, amekonda, shati lake likimpwaya, na yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kulicheka. Nilipokaa tu akanitazama.

"Umekuja kumwaga mtama, mwandishi."

"Nimetumwa, Fundi."

Alicheka mpaka dada yake akatoka jikoni kuangalia. Kisha akatulia, akaniuliza kama nimeuona mwisho. Nikasema nimeuona. Akaniambia niendelee kukaa na mwisho huo, nisiuseme. Alikuwa akiisubiri ile sauti, akasema, na kama haitamkuta, si kitu. "Mtu mzima lazima aondoke akiwa bado na kitu anachokisubiri. Ukimaliza kila kitu, utaondoka ukiwa na upweke." Kwa hiyo sikumwambia. Badala yake alinitaka nimsimulie kwa Kiswahili ile ya darajani, ambayo aliijua kwa moyo, na nilipofika kwenye maneno ya mzee alinikatiza. Nilikuwa na haraka. Mzee alinyamaza kwanza, akasema. Niache mishono mitatu ipite, ndipo aseme. Nikaiacha mitatu ipite. Akaitikia kwa kichwa: sasa ndiyo.

Sehemu ya mwisho ilitoka kwa sauti usiku wa kuamkia Jumanne. Alfajiri yake Fundi akafariki, hajaisikia.

Dada yake alimpigia simu binti wa vitambaa, na binti akatupigia sisi, mmoja mmoja. Mtoto wake, yule kijana wa Kisaki, alikuwa hajajua. Ndugu walikuwa wamempigia tangu saa kumi na moja, hapatikani. Mjomba wake, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye neno zito kama hilo, alikuwa amekwisha kupanda pikipiki kumfuata, na ubovu wa njia ile mnaujua. Mpaka afike, ujumbe wowote kwenye kundi ungemtangulia. Tena siku hiyo hatukuweza hata kukaa kimya, kwa sababu sehemu ya mwisho imetoka na kijana alijua imetoka. Kundi letu likinyamaza siku kama ile, mtoto yeyote angejua kuna jambo.

Kwa hiyo tulibishana. Binti wa vitambaa ndiye aliyeanza, akaandika kwamba sauti ya msichana kwa Kiingereza bado inamkera, na wanafunzi wakamjibu kwa kejeli zao za kawaida, na mimi nikaandika kitu ambacho sikikumbuki. Baadaye aliniambia aliandika yale akiwa amekaa sakafuni nyuma ya majora ya vitambaa, baba yake akihudumia wateja peke yake. Saa sita na robo mtandao wa Kisaki ukarudi. Kijana akaandika:

"Jamani msimwage mtama, mimi bado sijaiona. Mzee ameshasikia?"

Niliona kwamba wanafunzi wanaandika, wanafuta, wanaandika. Hakuna aliyetaka kumdanganya, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia. Kisha binti wa vitambaa akajibu, maneno matatu tu: "Tunakusubiri wewe kwanza." Akimaanisha kila neno. Kijana akatuma alama ya dole gumba, akapotea tena.

Mjomba alifika saa tisa kasoro.

Tulimzika Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, kwenye mteremko, ardhi ikiwa nyekundu na laini. Baada ya dua kijana alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijiandaa kuomba radhi. Nilikuwa nimeipanga hata hotuba. Hakunipa nafasi.

"Habari ile ningeisoma kwenye simu, kaka, ningeibeba peke yangu njia nzima," akasema. "Nimeisikia kwa mjomba. Alishuka kwenye pikipiki, akanishika mabega, akanyamaza. Ndipo akasema. Asanteni."

Nimeishukuru kazi ya fundi yule kwa mengi: kwa mashati, kwa vicheko, kwa kitabu changu. Lakini ninachomshukuru zaidi ni kwamba alitupa mazoezi kwa jambo dogo la katuni, ili jambo kubwa likija tusishindwe. Kuwa wa kwanza kujua ni bahati tu, haina sifa. Sifa ni kukaa na neno mdomoni, hata likiunguza, mpaka mwenye nalo afikiwe na sauti ya mtu anayempenda.