Bendera ya Saa Moja Kasorobo

Tuliombwa kila nyumba ipandishe bendera sikukuu ya uhuru, tarehe mosi Julai. Kesho yake sote tulizishusha, tukazikunja, tukarudi kwenye shughuli zetu. Mzee Uthmani wa mtaa wetu, avenue moja hapa Buyenzi, aliendelea kupandisha yake kila asubuhi. Ni fundi bodi za magari mstaafu: alichomelea mlingoti wa bomba la maji uani kwake, akanunua na filimbi. Mimi nauza vipuri ng'ambo ya barabara, kwa hiyo niliyaona yote bila kuombwa.

Kwetu, bendera ikipandishwa mbele ya ofisi, mpita njia husimama wima mpaka ifike juu. Kama desturi hiyo inahusu hata bendera ya nyumbani kwa mzee, sijui. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Filimbi ikilia saa moja kasorobo, avenue nzima ilisimama.

Watu walisema mzee ni mzalendo. Uzalendo gani! Saa hiyo ndiyo mdogo wake, Rachidi, hupita kwenda gereji. Mama yao alipofariki, Rachidi alikuwa amekwama Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mpaka ulikuwa umefungwa. Maiti haicheleweshwi, Uthmani akazika alasiri ile ile. Rachidi alifika kesho yake, akakuta kaburi limeshafukiwa. Huu mwaka wa nne hajaitikia salamu ya kaka yake, na imamu amechoka kumkumbusha kwamba Waislamu hawanuniani zaidi ya siku tatu.

Basi mzee akapata dawa. Bendera ilipanda polepole kama ndoo ya kisima kirefu. Dakika mbili nzima Rachidi alilazimika kusimama hatua sita kutoka kwake, mikono ubavuni, akitazama juu. Mzee hakutazama juu. Alimtazama mdogo wake. Iliniudhi, nasema kweli. Mtu na mvi zake, kutafuta ndugu kwa filimbi!

Jumatatu moja ya Agosti mzee aliamka na homa, akaifunga bendera kwa haraka. Filimbi ikalia, tukasimama, bendera ikafika juu. Asiyejua asingeona kitu, maana bendera yetu ni nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia. Ila zile nyota tatu za katikati: moja hukaa juu, mbili chini. Siku hiyo mbili zilikuwa juu.

Watu wakaondoka. Rachidi hakuondoka. Yeye ni fundi wa gia. Kitu kilichofungwa vibaya hawezi kukipita.

"Shusha," alisema. "Umeifunga kichwa chini. Polisi wakiona, itakuwa mambo."

Mzee akashusha. Kitambaa kikalegea, kikakaribia udongo, na bendera hairuhusiwi kugusa chini. Rachidi aliingia uani mbio akaidaka. Wakabaki wameishika, huyu pembe mbili na yule pembe mbili.

"Nilikosa," mzee alisema. "Ningekungojea."

Rachidi aliigeuza bendera taratibu.

"Nani aliingia na we mu kaburi kumupokea mama?"

"Hakuna. Shemeji Karimu alitaka kuingia, nikamukataza. Ilikuwa fasi yako."

"Ukamulaza peke yako?"

"Peke yangu. Alikuwa muzito, Rachidi."

Rachidi alifunga kamba, nyota moja juu, akaipandisha mwenyewe. Hakuna aliyepuliza filimbi. Mimi nilisimama tu, vipuri mkononi, na macho yangu hayakuwa makavu. Ilipofika juu alikaza fundo, akalijaribu mara mbili kama fundi yeyote. Barabarani watu walishaendelea na safari zao, na hakuna aliyemlazimisha kubaki. Alivuta kigoda akaketi mbele ya mzee.

"Niambie siku ile yote, kaka," alisema. "Anzia asubuhi."