Jina Ambalo Mamake Hakulitaja

Tulivuka Ruvuma mimi na mama, tukimkimbia Mreno na pamba yake ya lazima, na safari ikaishia kwenye chumba cha udongo Temeke. Shule nilisoma miezi, si miaka. Ila majina nilikuwa nayashika. Ukinitajia la mwanao mara moja, limekaa.

Kazi ya kwanza nilipata kupiga deki zahanati ya watoto. Karani wa mlangoni, kijana wa mjini na tai yake, alizoea kunichokoza kwa chale zangu za usoni.

"Mmakonde, leo umekuja na ramani?"

"Nimekuja nayo, kaka, usije ukapotea."

Siku moja akaja jirani yangu, mke wa kuli wa bandarini, mtu wa bara. Mtoto mgongoni anawaka homa, hata kulia hawezi.

"Mtoto anaitwa nani?" karani akauliza.

Mama akavuta kanga, akamfunika mtoto kichwa.

"Mama, jina la mtoto."

"Tunamwita Baba," akasema, macho chini.

"Baba si jina."

Akaweka kalamu. Siku zile watu walikuwa wakiazimana watoto wapate maziwa ya unga ya zahanati, naye alishadanganywa sana. "Angekuwa wako ungelijua jina lake. Mrudishe kwa wenyewe. Anayefuata."

Mie nilijua kinachomziba mdomo. Mtoto alipewa jina la babu yake mzaa baba, na kwao mwanamke hatamki jina la mkwewe, iwe jua iwe mvua. Nilikuwa nimelisikia kwa mumewe, siku tuliyomenya muhogo pamoja uani.

Mfagizi haruhusiwi kusogelea meza ya karani. Aliyenitangulia alifukuzwa kwa hilo. Nikaacha ndoo, nikaenda na miguu yangu mibichi.

"Kaka, andika." Nikataja la mtoto, la baba yake, na nyumba, ya nne kutoka kisimani. "Na yule mama uliyemrudisha juzi, mambo yake ni haya haya. La mtoto wake pia ninalo."

Nesi mkubwa, mama wa Kizungu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwanza akamchukua mtoto ndani, akamdunga sindano. Kisha akarudi.

"Unawajua wangapi?"

Nikamtajia mtaa wetu mlango kwa mlango, wazazi na watoto, mpaka karani akaomba apumzishe mkono.

Siku ya tatu mtoto alidai uji. Wiki iliyofuata ndoo alipewa mwingine, mie nikapewa mwavuli na mkoba, nizungukie nyumba za wazazi. Nilizunguka Temeke mpaka nywele zikawa nyeupe. Karani akikwama anasema, "Mwiteni dada."

Mtoto yule alipooa nilikaa jikoni na mamake. Wali ulipoiva akaninong'oneza, "Dada, mwite mwanao aje ale."

Nikatoka uani, nikasimama katikati ya watu, nikaliita jina lile kwa sauti yangu yote. Bwana harusi akaja mbio.